Kosa la Mkono au Kosa la Kishikio?

Kwenye dashibodi ya Cessna 172, ndege ndogo iliyoundwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani, kuna vishikio viwili vinavyokaa karibu karibu, kila kimoja kikiwa kwenye ncha ya fimbo nyembamba inayosukumwa na kuvutwa. Kimoja ni cheusi, cha mviringo, laini kikiguswa. Kingine ni chekundu, na ukingo wake una meno. Cheusi huongeza na kupunguza nguvu ya injini. Chekundu hutawala kiasi cha petroli kinachochanganywa na hewa, na kikivutwa mpaka mwisho injini huzimika. Kwa mtu asiye rubani hivi ni vipande viwili vya plastiki visivyo na thamani kubwa, na kimoja kikipasuka baada ya miaka ya jua na jasho la mikono, inaonekana kosa dogo kabisa kutafuta kipande kingine chochote chenye uzi unaoingia kwenye fimbo ile ile, kukikaza na kuendelea na safari. Makala haya yanapinga wepesi huo. Umbo, rangi, unene na mahali pa kishikio ni matokeo ya historia ndefu ya ajali na uchunguzi, na historia hiyo inatufundisha kwamba anayetengeneza kishikio hukabidhiwa sehemu ya kazi ya rubani mwenyewe. Ukarabati wake haupimwi kwa kuuliza tu kama kimekaza. Unapimwa kwa kuuliza kama mkono wa rubani utaendelea kupata habari ile ile uliyokuwa ukiipata.

Historia hiyo ina mahali pake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani lilikuwa na maabara ya tiba ya anga katika kituo cha Wright Field, karibu na mji wa Dayton, jimboni Ohio. Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, aliajiriwa hapo, na miongoni mwa mambo aliyopelekewa ayachunguze ni aina moja ya ajali iliyokuwa ikijirudia. Rubani wa B-17, ndege ya mabomu yenye injini nne, alikuwa akitua salama, magurudumu yakigusa ardhi vizuri, kisha ghafla magurudumu hayo yakikunjwa na ndege ikilala kwa tumbo katikati ya njia ya kurukia. Hapakuwa na hitilafu ya mitambo. Rubani alikusudia kurudisha flapu, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa ili ndege iweze kuruka polepole inapotua, lakini mkono wake ulikuwa umeishika swichi ya magurudumu. Ripoti za ajali zilikuwa na jina la tukio kama hilo, na jina lenyewe lilifunga mjadala: kosa la rubani.

Chapanis hakutosheka na jina hilo. Alilinganisha ndege na ndege. Katika B-17 na katika P-47, ndege ya kivita, swichi au wenzo wa magurudumu na ule wa flapu vilikaa bega kwa bega na vilifanana. Katika C-47, ndege ya mizigo iliyorushwa na marubani wa jeshi lile lile, waliofunzwa kwa namna ile ile na waliochoka vivyo hivyo, vidhibiti hivyo viwili vilitofautiana sana, na kosa hilo lilikuwa nadra. Hapo ndipo penye nguvu ya ushahidi wake. Kama chanzo kingekuwa uzembe, uzembe ungepanda pia ndani ya C-47. Kwa kuwa kosa lilifuata aina ya ndege badala ya aina ya mtu, chanzo kilikuwa ndani ya ndege. Dawa aliyopendekeza ilikuwa rahisi na ya bei ndogo: gurudumu dogo lenye mpira libandikwe kwenye ncha ya kidhibiti cha magurudumu, na kipande chenye umbo la kabari kibandikwe kwenye kidhibiti cha flapu. Mkono ulioshika gurudumu ungejua kuwa umeshika magurudumu hata usiku wa giza, hata macho yakiwa nje yakitafuta ukingo wa njia. Kwa maneno mengine, moja ya hatua kubwa katika usalama wa anga ilianza kama ukarabati wa kishikio.

Baada ya vita kazi hiyo ilipanuliwa na Paul Fitts na Richard Jones, katika maabara hiyo hiyo. Ripoti yao ya mwaka 1947 ilikusanya masimulizi 460 ya makosa ambayo marubani walikiri kuyafanya, au kuyaona yakifanywa, walipokuwa wakitumia vidhibiti vya ndege. Waliyapanga kwa aina. Nusu nzima, asilimia 50, yalikuwa makosa ya kushika kidhibiti kimoja badala ya kingine. Asilimia 18 yalikuwa ya kurekebisha kidhibiti kupita kiasi au pungufu, na asilimia 18 nyingine yalikuwa ya kusahau. Yaliyobaki yaligawanyika kati ya kusukuma upande usio wake, kugusa kidhibiti bila kukusudia, na kutoweza kukifikia. Nusu ile ya kwanza ndiyo inayotuhusu hapa. Haisemi kwamba marubani hawakujua la kufanya. Inasema walijua, wakaamua sawasawa, kisha mkono ukatekeleza uamuzi sahihi kwenye kitu kisicho sahihi. Fitts na Jones walifikia hitimisho ambalo lilikwenda kinyume na mazoea ya wakati wao, kwamba sehemu kubwa ya ajali zinazoitwa kosa la rubani zingeweza kuondolewa kwa kuunda vifaa vinavyolingana na maumbile na mipaka ya binadamu.

Ripoti hiyo ilionyesha pia mkanganyiko mwingine, ambao haukuwa ndani ya ndege moja bali kati ya ndege na ndege. Injini ya pistoni yenye pangaboi la kurekebishwa huhitaji nyenzo tatu: ya nguvu ya injini, ya pangaboi, na ya mchanganyiko wa petroli na hewa. Katika B-25, ndege nyingine ya mabomu, ukihesabu kutoka kushoto, mpangilio ulikuwa nguvu, pangaboi, mchanganyiko. Katika C-47 ulikuwa pangaboi, nguvu, mchanganyiko. Katika C-82, ndege nyingine ya mizigo, ulikuwa mchanganyiko, nguvu, pangaboi. Rubani aliyehamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine alibeba mkono uliozoea safu ya zamani, na katika dakika ya hatari mkono haungoji mashauri ya kichwa. Waswahili husema mazoea yana taabu, na taabu yenyewe hapa ilikuwa ya kupunguza petroli wakati injini ilihitaji nguvu zote. Wakati huo huo mtafiti W. O. Jenkins alikuwa akiwapa watu vishikio vya maumbo mbalimbali wavitambue kwa vidole bila kuvitazama, ili kuchagua seti ya maumbo yasiyochanganywa. Swali ambalo mafundi walikuwa wamelichukulia kuwa la urembo likawa swali la kipimo.

Matokeo ya utafiti huo yaliingia polepole katika sheria. Kanuni za Marekani za kuthibitisha ndege, kwanza kubwa kisha ndogo, zilifikia kuwa na mchoro wa maumbo ya vishikio: cha magurudumu kifanane na gurudumu, cha flapu kifanane na bawa lililokatwa ubavuni. Kwa ndege ndogo ziliweka pia safu moja ya nyenzo, kutoka kushoto kwenda kulia: nguvu, pangaboi, mchanganyiko. Kishikio cha mchanganyiko kilitakiwa kiwe na kinga, au kiumbwe au kiwekwe kwa namna ambayo hakitachanganywa na kingine kwa kugusa. Kilikuwepo hata kifungu kilichosema kishikio cha joto la kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kiwe kushoto kwa kile cha nguvu, au kiwe mbali na kile cha mchanganyiko kwa inchi 8, yaani takriban sentimita 20. Asiyejua historia atauona urefu huo kama ukaidi wa makarani. Anayeijua ataelewa mara moja. Rubani huvuta joto la kabureta anapopunguza nguvu ili kushuka, kuzuia barafu isizibe koo la kabureta, na mkono ukikosea ukavuta mchanganyiko, injini itazimika ndege ikiwa karibu na ardhi, mahali pasipo na nafasi ya kusahihisha. Nyuma ya inchi hizo 8 kuna hofu iliyopimwa. Na juu ya sheria kukawa na desturi ya rangi ambayo leo karibu kila rubani wa ndege ndogo anaifahamu: nyeusi kwa nguvu, buluu kwa pangaboi, nyekundu kwa mchanganyiko.

Pingamizi la kwanza linalotolewa dhidi ya hoja hii ni la kinidhamu. Rubani hufundishwa kutazama kabla ya kushika, kutaja kwa sauti, na kungoja mpaka ndege itoke kwenye njia ya kurukia ndipo aguse chochote. Akifuata mafunzo hayo, umbo la kishikio lina haja gani? Pingamizi hili lina ukweli, kwa sababu nidhamu huokoa watu kila siku. Lakini historia ya Beechcraft Bonanza inaonyesha mpaka wake. Bonanza iliruka mara ya kwanza Desemba 1945 na imependwa kwa miongo mingi, mara nyingi na wenye ndege walioipata kwa gharama kubwa na waliokuwa na kila sababu ya kuwa makini. Hata hivyo kwa miaka mingi swichi ya magurudumu ilikaa kulia na ya flapu kushoto, kinyume na desturi ya ndege nyingine. Mwaka 1980 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa uchunguzi maalumu kuhusu magurudumu kukunjwa kwa bahati mbaya katika Bonanza, dada yake Baron, na ndege nyingine nyepesi, na kichwa cha uchunguzi huo chenyewe kilizitaja ajali hizo kuwa zimetokana na usanifu. Kiwanda kilihamisha swichi hizo kwenye mpangilio wa kawaida katika ndege zilizotoka mwaka 1984. Takriban miaka arobaini baada ya Wright Field, somo lile lile lilibidi lilipiwe tena. Swichi ya usalama inayozuia magurudumu kukunjwa ndege ikiwa ardhini nayo si kinga kamili, kwa sababu ndege iliyotua kwa kasi bado hubebwa kwa sehemu na mabawa yake, na uzito ulioko kwenye magurudumu huenda usitoshe kuiamsha swichi hiyo.

Tukirudi sasa kwenye meza ya fundi, tunaweza kuona kwa nini kishikio kilichopasuka si jambo la kubandika tu. Tuchukue kile cheusi cha nguvu. Kimefungwa kwenye ncha ya fimbo kwa uzi, na nati nyembamba nyuma yake, au skrubu ndogo ya ubavuni, huzuia kisijifungue kwa mtetemo. Fimbo hiyo inavuta kebo ndani ya ala yake, inapita kwenye ukuta wa moto unaotenganisha injini na chumba cha rubani, na inaishia kwenye mkono mdogo ulioko ubavuni mwa kabureta. Mkono huo una kikomo chake, na kanuni ya mafundi ni kwamba mkono ufike kwenye kikomo kabla kishikio hakijagusa dashibodi, ili ibaki nafasi ndogo nyuma ya kishikio. Nafasi hiyo ndiyo uthibitisho kwamba injini imefunguliwa yote. Sasa fundi akiweka kishikio kinachofanana kwa sura lakini kinene zaidi upande wa nyuma, kitagonga dashibodi mapema. Rubani ataona amesukuma mpaka mwisho, na mkono wake utamwambia hivyo, kumbe kule kwenye kabureta bado mlango haujafunguka wote. Ndege iliyojaa mizigo, kwenye kiwanja kifupi cha nyasi siku ya joto, haina ziada ya nguvu ya kupoteza. Kishikio hicho kitakuwa kimekaza vizuri, kimeng'aa, na kinasema uongo.

Ndiyo maana fundi mwangalifu haanzi na gundi. Huanza kwa kuuliza kwa nini kishikio kimevunjika. Kama kilipasuka kwa uzee na jua, tatizo ni la plastiki. Kama kilivunjika kwa sababu rubani alilazimika kukivuta kwa nguvu, tatizo liko kwenye kebo iliyoshika kutu au ala iliyopindika, na kishikio kipya kitaficha ugonjwa huo mpaka kebo ikatike angani. Kisha hukagua uzi wa fimbo, huweka kishikio chenye umbo na rangi ya asili, hukaza nati, hufungua mfuniko wa injini na kumwomba mwenzake asukume na kuvuta huku yeye akiutazama ule mkono mdogo ukigusa vikomo vyote viwili. Mwishoni huandika kazi hiyo kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege. Kanuni za matengenezo za Marekani zinalisema hili kwa kipimo kilicho wazi: kitu kilichotengenezwa kibaki katika hali iliyo sawa angalau na ile ya asili au ile iliyobadilishwa ipasavyo. Nikiisoma kanuni hiyo pamoja na historia ya Chapanis, naona kwamba hali ya asili ya kishikio ni pamoja na kile ambacho vidole vinakisoma.

Mfano mchungu zaidi wa kudharau jambo hili ni kifo cha mwanamuziki John Denver, tarehe 12 Oktoba 1997, pwani ya Pacific Grove, California. Ndege yake, Long-EZ, ilikuwa ya aina inayojengwa na watu binafsi kwa kufuata michoro. Katika michoro hiyo mkono wa kuchagua tangi la petroli uko mbele, kati ya miguu ya rubani. Aliyeijenga ndege ile aliuweka nyuma ya bega la kushoto, bila alama zinazoonyesha upande upi ni tangi lipi. Kabla ya safari, Denver na fundi mmoja walijaribu kuurefusha mkono huo kwa koleo ya kubana, lakini haikusaidia. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipokuwa akijigeuza kuufikia mkono huo umakini wake ulitoka kwenye kuirusha ndege na akakanyaga pedali ya kulia ya usukani bila kukusudia. Uchunguzi ulitaja pia matayarisho ya rubani mwenyewe, hasa petroli kidogo aliyoondoka nayo, na haki inataka tuseme hivyo. Lakini walitaja vilevile uamuzi wa mjenzi wa kuuweka mkono usio na alama mahali pagumu kufikika. Koleo ile ilikuwa ukarabati uliotafuta urefu tu, wakati kilichokosekana kilikuwa mahali, alama na urahisi wa kushika.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye ndege wenyewe, na linastahili jibu la heshima. Ndege nyingi ndogo zinazoruka leo zilitoka kiwandani miongo mitano au sita iliyopita. Viwanda vingine vimefungwa, vipuri vya asili ni adimu, na kipande kidogo cha plastiki chenye hati halali huuzwa kwa bei isiyolingana na ukubwa wake. Katika Afrika Mashariki jambo hili si la nadharia. Tangu Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, na tangu huduma ya madaktari wa ndege wa AMREF ilipoanza mwaka 1957, ndege ndogo zimekuwa njia ya kufikisha dawa, wagonjwa na barua mahali ambapo barabara hukatika masika, na kila siku ndege inayosubiri kipuri kutoka ng'ambo ni siku ambayo kuna mtu hakufikiwa. Je, si afadhali kishikio cha kubuni kuliko ndege iliyolala? Jibu langu ni kwamba swali limewekwa vibaya, kwa sababu sheria haikufunga mlango. Kanuni za Marekani, kwa mfano, humruhusu mwenye ndege kushiriki kutengeneza kipuri kwa ajili ya ndege yake mwenyewe, mradi kifuate usanifu uliokubaliwa. Mashine za kuchapa vitu vya plastiki zinaweza kutoa nakala sahihi ya umbo, ingawa baadhi ya plastiki zake hulainika kwenye joto la karibu nyuzi 60, joto ambalo dashibodi iliyoachwa juani inaweza kulifikia. Kinachotakiwa si ufukara wala utajiri. Kinatakiwa kipimo, malighafi inayofaa, kibali cha mamlaka ya anga ya nchi husika na uaminifu wa kuandika kilichofanyika.

Pingamizi la tatu ni la wakati. Vyumba vya marubani vinajaa skrini za kioo, injini za kisasa hujipimia petroli zenyewe, na baadhi ya ndege za Diamond zenye injini ya dizeli zina wenzo mmoja tu wa nguvu kwa kila injini. Mwaka 2017 Marekani yenyewe ilizifupisha kanuni za ndege ndogo na kuacha maelezo mengi ya kina yahamie kwenye viwango vya kitaalamu. Basi elimu ya vishikio inaelekea makumbusho? Ushahidi hausemi hivyo. Ndege zilizothibitishwa chini ya kanuni za zamani bado ndizo zinazojaza viwanja vidogo, na zitakuwepo kwa muda mrefu. Zaidi ya hapo, ndani ya ndege kubwa za Boeing na Airbus zenye vioo vipana kuliko vyote, wenzo wa magurudumu bado una gurudumu dogo kwenye ncha yake. Wahandisi wenye uwezo wa kuweka alama yoyote kwenye kioo wamechagua kuuachia mkono kitu cha kushika, kwa sababu kioo hudai macho, na macho ya rubani anayetua yana kazi nyingine. Kupungua kwa idadi ya vishikio kunaongeza uzito wa vile vilivyobaki.

Kwa hiyo tunapaswa kubadili namna tunavyoipanga kazi hii katika fikra zetu. Karakana nyingi huiweka mwisho wa orodha, pamoja na zulia lililochakaa na kiti kilichochanika, mambo ya kumfurahisha abiria. Mahali pake ni pamoja na breki na kebo za usukani, kwa sababu ndipo uamuzi wa binadamu unapokutana na chuma. Chapanis, Fitts na Jones walituonyesha kwamba makosa ya mkono yana sababu zinazoweza kuchunguzwa na kuondolewa, na kwamba lawama, hata ikiwa ya haki, haimsaidii rubani anayefuata. Wao waliziondoa sababu hizo kwenye meza ya usanifu. Kila fundi anayefungua nati ya kishikio anaweza kuzirudisha kwa dakika chache, au kuzizuia zisirudi, na wakufunzi wa mafundi wanapaswa kuwafundisha vijana wao historia hii pamoja na vipimo vya nati. Anayejua kwa nini kishikio chekundu kina meno hatakisugua kikawa laini, wala hatakubali kuweka cheusi mahali pake hata akibembelezwa kwamba safari ni moja tu.